Mchezo wa vita wa mezani usifundishwe kwa kusoma kitabu cha sheria

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaandikie walimu wa historia, viongozi wa klabu za shule na vijana wa Tabora na Kigoma wanaotaka kujifunza michezo ya vita ya mezani, ile inayochezwa juu ya ramani yenye vyumba vya pembesita, kwa kete za karatasi na dadu. Wengi huiacha kabla ya kuimaliza hata mara moja. Akili ya kuicheza wanayo. Mtu anayejua kunamua na kutakata kwenye bao amebeba kichwani sheria zisizo nyepesi kuliko hizi. Wanaiacha kwa sababu wanashika kitabu cha sheria, wanafungua ukurasa wa kwanza na kuanza kukisoma kwa mfuatano, wakitumaini kwamba wakifika mwisho watakuwa wameelewa.

Kitabu hicho hakikuandikwa kwa kusomwa hivyo. Kimeandikwa ili watu watafute jibu ubishi unapozuka. Ndiyo maana vifungu vyake vina namba, 8.4, kisha 8.4.1, kisha 8.4.2, na sehemu kubwa ya kurasa zake inashughulikia mambo yanayotokea mara chache: kikosi kinachovuka mto huku kikishambuliwa, mizinga iliyo kilimani, mvua ya masika. Mgeni anayameza yote kwa uzito mmoja, na akifika katikati hajui tena lipi ni kiini na lipi ni la pembeni. Kiini ni mambo manne tu: mpangilio wa zamu, mwendo, eneo linalokizunguka kikosi, na jedwali la mapigano. La tano ni ugavi, yaani kukifikishia kikosi chakula na risasi, ambalo lisubiri, ingawa kwa maoni yangu ndilo tamu kuliko yote.

Asili ya michezo hii ni Prussia, ambako Reisswitz baba na mwanawe walitengeneza mchezo wa kuwafunza maafisa wa jeshi. Ule wa mwana ulitoka mwaka 1824. Mwaka 1954 Mmarekani Charles S. Roberts alitoa mchezo wa kuuzwa kwa raia, na mwaka 1961 kampuni yake, Avalon Hill, ikaanza kutumia pembesita badala ya miraba. Sababu ni ya kijiometria. Kwenye miraba, jirani wa kwenye kona yuko mbali mara 1.4 kuliko jirani wa ubavuni, kwa hiyo kikosi kinachokwenda mshazari kinapata mwendo wa bure. Kwenye pembesita majirani wote sita wako umbali mmoja.

Vifaa havihitaji fedha nyingi: karatasi moja ya manila, rula, penseli, mkasi, katoni tupu na dadu moja. Kuchora pembesita kwa mkono kunachosha, na hapo ndipo ramani nyingi huharibika, kwa maana kosa la milimita moja katika safu ya kwanza likifika safu ya kumi limeshakuwa sentimita nzima. Chora tofali. Piga mistari ya kulala kila baada ya sentimita 2.6, kisha gawa kila safu katika vyumba vyenye upana wa sentimita 3. Safu ya pili isogezwe sentimita 1.5, ya tatu irudi kama ya kwanza, hivyo hivyo hadi chini, jinsi fundi anavyopanga ukuta. Kila tofali litagusa mengine sita: mawili ubavuni, mawili juu, mawili chini. Hiyo ni pembesita tayari, ila imevaa umbo la mstatili. Kipimo cha 2.6 msikibadilishe, maana ndicho kinachofanya umbali wa kutoka kitovu cha chumba hadi kitovu cha jirani uwe sentimita 3 kila upande.

Kete zikatwe miraba ya sentimita 2. Zikizidi hapo zinafunika mistari na watu wanaanza kugombana kete iko chumba gani. Kila kete iandikwe namba mbili, nguvu kushoto na mwendo kulia, yaani vyumba inavyoweza kupita kwa zamu moja pasipo kikwazo, kwa mfano 4-3. Nyuma ya kete ziandikwe nguvu na mwendo zikiwa zimepunguzwa nusu, sehemu ikiachwa, 2-1. Huo upande wa nyuma hautahitajika siku ya kwanza, lakini ukiandikwa mapema unaokoa hesabu nyingi baadaye.

Somo la kwanza lichezwe kwenye kona ya ramani, vyumba vitano kwa vitano. Mshambuliaji apewe kete tatu za 4-3, mlinzi kete mbili za 2-4, na zamu nne. Reli, mto na ugavi bado. Kwenye kipande cha karatasi andikeni hatua za zamu: sogeza kete zako zote, piga mapigano yote, kabidhi zamu. Juu ya karatasi hiyo wekeni punje ya haragwe na isogezwe kila hatua inapoisha. Haragwe hilo linazuia kosa linaloharibu michezo ya wageni kuliko yote: mtu anasogeza kete moja, anapigana, anaona matokeo, kisha anasogeza nyingine. Akifanya hivyo hajafunga mpango wowote. Anatibu kila pigo kwa kete iliyobaki. Mchezo mzima umejengwa juu ya kulazimika kupanga majeshi yote kabla dadu halijatupwa. Punje ikishaingia kwenye mapigano, hakuna kete inayosogea tena isipokuwa kwa kurudishwa nyuma au kufuata adui aliyerudi.

Mapigano sasa. Jumlisha nguvu za kete zinazoshambulia chumba kimoja, gawa kwa nguvu za mlinzi, na sehemu inayobaki itupwe kwa faida ya mlinzi. Kumi na moja dhidi ya nne ni 2:1, wala si 3:1. Saba dhidi ya nne ni 1:1. Mshambuliaji akiwa dhaifu, tano dhidi ya nane, ni 1:2. Jedwali la kuanzia linatosha likiwa na safu nne. Kwenye 1:2, dadu likitoa 1 au 2 mshambuliaji anaondolewa, 3 hadi 5 anarudi nyuma chumba kimoja, 6 hakuna kitu. Kwenye 1:1, 1 mshambuliaji anaondolewa, 2 na 3 anarudi, 4 hakuna kitu, 5 na 6 mlinzi anarudi. Kwenye 2:1, 1 na 2 mshambuliaji anarudi, 3 hakuna kitu, 4 na 5 mlinzi anarudi, 6 mlinzi anaondolewa. Kwenye 3:1 na kuendelea, 1 mshambuliaji anarudi, 2 hadi 4 mlinzi anarudi, 5 na 6 anaondolewa.

Mwanafunzi akalishwe mbele ya jedwali hilo aulizwe swali moja tu: kete za 4, 4 na 3 zinashambulia kikosi cha 4, je, inafaa kungoja zamu moja ili kete ya 3 ibadilishwe na ya 4? Jumla ya 11 ni 2:1, na mlinzi anaacha chumba mara tatu katika sita. Jumla ya 12 ni 3:1, na anakiacha mara tano katika sita. Pointi moja imebadili hali yote. Lakini pointi nyingine mbili juu ya hapo, 14 dhidi ya 4, hazibadilishi chochote, kwa hiyo kete iliyozidi ilikuwa na kazi mahali pengine. Mtu akishaliona hilo ameanza kucheza kweli, na atalitafuta kila zamu bila kuambiwa.

Somo la pili ni eneo la kikosi. Vyumba sita vinavyokizunguka kikosi tuviite mzingo wake. Kete ya adui ikiingia mzingoni lazima isimame hapo hapo, hata kama mwendo umebaki. Wageni hukosea kwa njia mbili. Wengine hudhani kete iliyosimama mzingoni imefungwa moja kwa moja. Hapana, zamu inayofuata inaweza kuondoka, ila ikiingia mzingo mwingine inasimama tena. Wengine husahau kwamba kikosi kinachorudishwa nyuma hakiruhusiwi kuingia mzingo wa adui, na kikikosa chumba salama kinaondolewa.

Hilo la pili ndilo linalofungua mchezo, nalo linafaa kuonyeshwa kwa kete, kwa sababu maneno hayatoshi. Weka mlinzi katikati. Weka washambuliaji wawili waliopakana upande mmoja: mlinzi anabaki na vyumba viwili vya kurudia. Watenganishe kwa chumba kimoja: kinabaki kimoja. Waweke pande zinazotazamana, mmoja huku na mwingine kule: hakibaki hata kimoja. Kete mbili tu, zikiwa mahali sahihi, zimeziba njia zote, na kila tokeo la "mlinzi anarudi" limegeuka "mlinzi anaondolewa". Sheria hiyo hiyo inamsaidia mlinzi pia. Vikosi viwili vikiacha vyumba viwili vitupu katikati yao, adui hapiti bila kusimama, kwa sababu kila chumba kitupu kiko ndani ya mzingo wa mmoja wao. Wakiacha vitatu, kuna tundu.

Ardhi iingie somo la tatu, na haina mengi. Njia ya kawaida inakula mwendo 1, pori la miombo lisilo na njia 2, kinamasi 3. Mlinzi aliye nyuma ya mto anahesabiwa nguvu mara mbili. Chumba kimoja kisibebe zaidi ya kete mbili. Kosa la kuangalia hapa ni kulipa mwendo wa chumba unachotoka badala ya kile unachoingia.

Baada ya hapo ndipo tuwape vijana wetu vita vyao wenyewe. Michezo mingi inayouzwa inahusu Gettysburg, Normandy au Stalingrad, mahali ambapo kijana wa Ng'ambo ya Tabora au Mwanga ya Kigoma hana picha napo kichwani. Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa hapa. Majeshi ya Kongo ya Kibelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia kwa safu mbili, ya Molitor kutoka kaskazini na ya Olsen iliyopita Burundi, huku Waingereza chini ya Crewe wakishuka kutoka Mwanza, ambayo waliiteka Julai. Tarehe 26 Julai Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen pale Kigoma, hiyo tunayoiita leo MV Liemba. Siku mbili baadaye Kigoma ikawa mikononi mwa safu ya Olsen. Tabora, iliyolindwa na Jenerali Kurt Wahle wa Wajerumani, ilitekwa tarehe 19 Septemba.

Ukiichora ramani hii kwa kipimo cha kilomita 25 kwa chumba, kutoka Kigoma hadi Tabora ni vyumba 14 kwa mstari ulionyooka, sawa na sentimita 42. Mwanza iko safu 13 kaskazini ya Tabora, sentimita 34 hivi. Vyote vinaenea kwenye manila moja. Reli ichorwe ikipita Uvinza, Malagarasi, Kaliua na Urambo, na kinamasi cha Malagarasi kiwekwe mahali pake bila kupunguzwa. Zamu moja iwe wiki moja. Kutoka kutekwa kwa Kigoma hadi kutekwa kwa Tabora ni zamu nane. Olsen apewe kete tatu za 4-3, Molitor tatu za 4-3, Crewe mbili za 3-3. Wahle apewe mbili za 3-4 na nne za 2-4. Namba hizi ni za mizani ya mchezo, zisichukuliwe kuwa hesabu ya askari. Mlinzi aruhusiwe kusafirisha kete moja kwa treni kila zamu, hadi vyumba 12, mradi ianze na kuishia kwenye reli na isipite mzingo wa adui.

Sasa ugavi. Mwanzoni mwa zamu yako, kabla hujagusa kete, hesabu vyumba kutoka kila kikosi hadi chanzo chake cha chakula na risasi. Njia isizidi vyumba sita, wala isipite kwenye adui au mzingo wake. Kikosi kinachokosa njia kinageuzwa upande wa pili, na kinabaki hivyo zamu nzima. Ukaguzi ufanyike mara moja tu kwa zamu. Watu hukagua baada ya kusogeza, kisha wanabishana kama kikosi kilichotoka kizuizini leo kinapigana kwa nguvu zote. Jibu ni hapana, kitarudishwa upande wa nguvu zote zamu ijayo.

Kwa Olsen chanzo ni kete ya kichwa cha reli, inayoanzia Kigoma na kusogea chumba kimoja mwisho wa kila zamu, kwani anayerudi nyuma anavunja madaraja na lazima yajengwe upya. Fanyeni hesabu. Mwanzoni mwa zamu ya nane kichwa cha reli kiko chumba cha 7, na ugavi unafika chumba cha 13, jirani kabisa na Tabora. Wahle akikichelewesha zamu mbili, kwa kete moja tu iliyosimama nyuma ya mto Malagarasi, ugavi unaishia chumba cha 11, na vikosi vilivyotangulia mbele ya hapo vinageuzwa nusu. Mchezaji wa upande wa Olsen atalalamika kwamba vyumba sita ni vichache. Msiongeze. Kama anataka zaidi, apewe kete za wapagazi, kila moja ikirefusha njia kwa vyumba vitatu, na kila moja ikipotea isirudi. Hapo ndipo mwalimu asimamishe mchezo na kusema wapagazi walikuwa nani. Mzigo wa vita vile, kwa pande zote, ulibebwa na Waafrika, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na walikufa kwa wingi kwa maradhi, njaa na uchovu. Unyamwezi, nchi iliyojulikana kwa wapagazi wake tangu enzi za misafara, inapaswa kulijua hilo kuliko mtu yeyote, na sioni vibaya mtoto akilijua kwanza kwa kuondoa kete mezani, ilimradi aambiwe kete ile ni watu.

Sharti la ushindi ndilo watunzi wapya hulipuuza. Wakiandika tu kwamba anayeshika Tabora mwishoni ameshinda, mlinzi atarundika kete zake zote mjini na kufa nazo. Wahle hakufanya hivyo. Dodoma ilikuwa imeshatekwa mwishoni mwa Julai na Dar es Salaam mwanzoni mwa Septemba, kwa hiyo reli ya mashariki haikumfikisha popote, na safu tatu zilikuwa zinamkaribia. Baada ya mapigano makali ya Lulanguru na Itaga aliondoa majeshi yake kabla mduara haujafungwa, akaelekea Iringa. Kwa hiyo mshambuliaji apate pointi tano kwa kuishika Tabora na moja kwa kila kete ya adui iliyoondolewa. Mlinzi apate mbili kwa kila kete inayotoka ukingo wa kusini-mashariki kuanzia zamu ya sita, na moja kwa kila zamu ambayo Tabora bado ni yake kuanzia zamu ya saba. Kwa hesabu hiyo swali la mlinzi linakuwa lile lile alilokuwa nalo Wahle: niondoke lini? Na mwanafunzi aliyejifunza kwamba kete mbili zinazotazamana zinatosha kufunga njia zote atajua kwa nini jenerali hakungoja.

Vitabu vinene vya sheria havijapoteza kazi. Baada ya mchezo huu wa manila, mtu akifungua kitabu cha kurasa 40 atakwenda moja kwa moja kwenye mpangilio wa zamu, kisha jedwali la mapigano, kisha sheria za mzingo, akitafuta tu wapi zinatofautiana na alizozizoea. Michezo mingine inaruhusu kikosi kupita mzingoni kwa kulipa mwendo zaidi. Mingine inamlazimisha kila aliyepakana na adui kushambulia. Tofauti hizo ziandikwe kwenye karatasi moja kabla ya kucheza. Mtu mmoja tu mezani ndiye ashike kitabu, na ubishi ukizidi dakika mbili utupiwe dadu, kifungu kitafutwe baada ya mchezo.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lina ukurasa wa mafumbo. Mara moja tu, mahali pa fumbo, chapisheni kona ya vyumba vitano kwa vitano, kete tano za somo la kwanza na jedwali la safu nne. Mkichapisha, vyumba vibaki na upana wa sentimita 3 na kimo cha sentimita 2.6 bila kubanwa ili kuokoa nafasi, na kete ziwekwe pembezoni mwa ukurasa, nyuma yake pasiwe na habari ambayo mwenye gazeti angetaka kuisoma kabla mkasi haujapita.

Mpenzi wa michezo ya vita ya mezani,
Cheyo, Tabora